Ubao Mupya na Magunia ya Chisense

Ninyi vijana mutakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Najua mutacheka. Mutasema, huyu mama muzee wa samaki, aliyeishia darasa la tatu kwa masista kule Kilwa ya Kongo, anajua nini juu ya kompyuta? Chekeni mumalize, kisha musome. Mimi sijawahi kubonyeza hata kidude kimoja cha ile mashini kwa kidole changu. Lakini siku ilipofika ya kuamua kama ubao wake wa ndani utolewe na kutiwa mupya, niliamua mimi. Kama siku ile ingerudi leo ningeamua vile vile. Sikuandika haya kuomba musamaha.

Nyumba yetu pale Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, ilikuwa ya vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilitazama njia ya sokoni, kilikuwa na saruji chini na bati zima juu. Chumba changu kilikuwa na saruji pia, lakini kilikuwa kidogo: kitanda, na njia ya kupita kwa ubavu, basi. Cha tatu alilala binti yangu pamoja na watoto wa marehemu dada yake, na huko mvua ilikuwa inawatembelea kila mwaka bila hodi. Kwa hiyo kitu chochote kilichoogopa maji kilikaa chumba cha mbele. Na nyumbani kwetu vitu viwili viliogopa maji: chisense na kompyuta.

Chisense mutu wa ziwa Mweru hana haja ya kuelezwa. Kwa ninyi mulio mbali: ni visamaki vidogo, virefu kama kidole cha mutoto, vinavuliwa vingi kwa mara moja, vinaanikwa juani mpaka vinalia mukononi kama majani makavu. Mimi nilivinunua Kabuta na Mununga, nikajaza magunia, nikangoja. Nikangoja nini? Kufungwa kwa ziwa. Kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili ukiingia, serikali inafunga ziwa mpaka mwezi wa pili uishe, ili samaki wazae. Hakuna wavu unaoshuka majini. Hapo ndipo watu wa baiskeli wanaotoka bara wanakuja kuomba chisense kwa sauti nyororo, wale wale waliokuwa wanakutukana mwezi wa nane. Mwenye magunia wakati huo anakula. Asiye nayo anahesabu mawimbi.

Kompyuta ilikuwa muguu wetu wa pili. Binti yangu wa mwisho nilimupeleka Kitwe kujifunza kupiga chapa, akarudi na karatasi yake na vidole vyepesi. Ofisi moja ya maji ilipofungwa na watu wake kurudi Lusaka, tukapata ile mashini yao ya zamani: kioo kizito kama jiwe la kusagia, sanduku lake, na printa ya sindano inayolia kiii, kiii, mpaka jirani anajua una kazi. Alipiga barua za watu wanaoomba vibali, kadi za harusi, karatasi za mazishi. Na alikata stensili. Ukitoa utepe wa wino, zile sindano zinatoboa karatasi ya nta, mwalimu anaipeleka shuleni, anaifunga kwenye mashini ya kuzungusha kwa mukono, mitihani inatoka mingi anavyotaka.

Mimi niliilinda ile mashini. Niliishonea kitenge chake chenye maua ya bluu, kikafunika sanduku lote mpaka chini, kikabaki kioo tu kinachungulia. Magunia yalipangwa pande zote mbili na nyuma, yakaikumbatia, ili mwizi akiingia akutane na gunia kwanza. Nilitoa amri: kitenge kisitoke, hata mashini ikifanya kazi, vumbi lisiingie. Binti yangu alikuwa anakiinua kidogo upande, mimi nikipita ninakishusha. Tuliishi hivyo mwaka muzima, anainua, ninashusha.

Sasa, mwaka ule ambao watu walikuwa wanavuka ziwa kutoka Kongo na magodoro vichwani kwa ajili ya vita, mashini ikaanza kuganda. Binti anapiga ukurasa mumoja, wa pili, kile kimushale cha kwenye kioo kinasimama. Anagonga, hakiendi. Anazima, anawasha, ukurasa umepotea. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tano nilimusikia anaitukana kwa Kiingereza, na binti yangu hatukani.

Mwezi wa kumi na moja ulikuwa unaishia. Mwalimu mumoja, musaidizi wa mukubwa wa shule, akaja na bahasha mbili nene chini ya kwapa. Mitihani ya kufunga mwaka, ya shule yake na ya shule zingine za pwani ya ziwa. Akakaa juu ya gunia langu bila kuuliza.

"Dada," alimwambia binti yangu, "hii si karatasi ya harusi. Ijumaa ya wiki ijayo nakuja kuchukua stensili zote. Zote. Ikipotea hata moja, nakwenda kwa yule mupiga chapa wa bomani. Yeye ana mashini mupya."

"Zitakuwa tayari, mwalimu."

"Nimesikia mashini yenu inalala kazini."

"Hata walimu wanalala kazini," nilisema mimi kutoka mulangoni.

Alicheka, mwenye adabu. Lakini bahasha alizifungua taratibu, kama mutu anayefikiri kuzirudisha. Kisha akasema neno lililotukaa wote kifuani: atakayefanya kazi hii vizuri, ndiye atapewa na ya muhula unaofuata, na ule mwingine. Niliangalia magunia yangu. Mwaka ule chisense walikuwa wachache, vita ilikuwa imevuruga wavuvi wa upande wa pili. Magunia hayakutosha miezi mitatu ya ziwa kufungwa, hilo nilijua bila kuambiwa. Tulihitaji ile kazi. Bila ile kazi, watoto wa marehemu wangekula mara moja kwa siku mpaka mwezi wa tatu.

Ndipo binti yangu akamuleta fundi.

Alikuwa kijana wa Lubumbashi, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata katika ukimbizi. Alikaa kwa kaka yake sokoni, anatengeneza redio. Akawasha mashini, akaweka sikio juu ya kitenge kama muganga anayesikiliza kifua, akangoja mpaka ikaganda.

"Bon," akasema. "Nimeisha kuona. Mama, hii mashini njo inazeeka. Kartimeri yake haiweze tena kubeba hizi programu za sasa."

Kartimeri, ndivyo alivyoiita kwa Kifaransa chake. Binti yangu aliita madabodi. Ni ule ubao mukubwa wa kijani ulio ndani ya sanduku, ambao vitu vingine vyote vinachomekwa juu yake. Fundi alikuwa nao mumoja, wa kisasa, aliuvusha ziwa akiuzungushia mashati yake. Angeutia ndani ya sanduku letu, na mashini ingeruka kama mwari wa ziwani. Na malipo? Hakutaka pesa. Alitaka nyavu zangu mbili mupya, zilizokuwa bado na kamba ya dukani, nilizoziweka kungoja ziwa lifunguliwe. Kaka yake alikuwa na kambi kisiwani Chisenga.

Nilimwambia arudi Jumamosi asubuhi na huo ubao. Sikusema ndiyo. Binti yangu alisikia ndiyo, lakini mimi sikusema.

Jumamosi alikuja pia shemeji yangu, mudogo wa marehemu mume wangu, muzee wa kanisa. Yeye ananiita mulamu, na penye shauri hakosi, kwa sababu baada ya shauri kuna bukari, ule ugali wetu. Tulikaa wote chumba cha mbele, kila mutu juu ya gunia lake. Fundi alikuwa na furushi la gazeti mapajani.

"Mulamu," shemeji alianza na sauti ya mahubiri, "mambo ya mashini tuwaachie watoto waliosoma. Wewe ulisoma samaki. Huyu alisoma Kitwe. Mupe nyavu, kijana afanye kazi yake, tule."

"Wewe ulisoma nini?" nikamuuliza.

"Mimi nashauri tu."

Binti yangu alikuwa mukali siku ile. Hakuinamisha macho.

"Mama, nyavu zinaoza. Kazi ya kupiga chapa haiozi."

"Nyavu zilikupeleka Kitwe."

"Najua! Kila siku unaniambia. Nikikohoa unaniambia. Lakini yule wa bomani, mashini yake inafungua barua kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Mimi nikiiwasha yangu, naweza kwenda kuchota maji nirudi. Watu wanaona. Wanaondoka. Na programu mupya zinakuja, mama, huu ubao wa zamani hautazikubali. Tutabaki na sanduku la kuwekea kuku."

Alisema kweli. Ninaliandika hili wazi, maana mimi si mutu wa kuficha mufupa chini ya sahani. Lakini kusema kweli juu ya kesho si kusema kweli juu ya Ijumaa. Mashini yetu haikuwa ya polepole tu. Ilikuwa inaganda, na mwanzoni haikuwa inaganda. Ilitoka ofisi ya maji ikifanya kazi. Ubao ule ule, programu zile zile. Mutu aliyetembea jana akianguka leo, usimwambie miguu yake ni ya zamani. Muulize amekula nini.

Nikasema, "Fundi, fungua sanduku."

"Mama, ndani hamuna kitu cha kuona. Ni vitu vya umeme tu."

"Wewe uliishaviona?"

Akasogeza furushi lake mapajani.

"Uliishafungua hii mashini, ndiyo ama hapana?"

"Mama, mimi nikiisikia tu, enfin, ninajua..."

"Kwa hiyo unaniuzia samaki uliyemusikia tu, hujamuona." Nilisimama. "Mimi nanunua samaki tangu niko na urefu wa kapu. Kwanza ninainua shavu, ninaangalia ndani, ni jekundu ama limekufa. Aliyenikataza kuinua shavu, sijawahi kununua kwake. Fungua."

Shemeji alicheka, akajifanya anakohoa. Fundi akatoa bisibisi. Binti yangu akatoa kitenge, akakikunja, akakishika kifuani. Skrubu nne, bati likavutika nyuma.

Harufu ilitoka kwanza. Ninyi muliozaliwa kando ya ziwa munaijua. Chumba kizima kilinuka chisense siku zote, lakini hii ilikuwa ya moto, kama ya kikaango. Kisha mende mumoja akatoka mbio, akaingia chini ya gunia la shemeji. Kisha tukaona. Ule ubao wa kijani haukuwa wa kijani. Ulifunikwa na vumbi la magamba, jembamba, linametameta kama fedha, limeshikamana na mafuta ya samaki. Kile kipanka kidogo kinachopuliza kichwa cha mashini kisipate moto, mabawa yake yaligandana, hakikuweza kuzunguka hata ukikisukuma kwa kidole. Fundi alikisukuma.

Binti yangu aliangalia kitenge mikononi mwake, akaangalia magunia, kisha akaniangalia mimi. Kila mutu pale ndani alijua amri ilikuwa ya nani.

Shemeji ndiye aliyesema kwanza. "Mulamu! Umekausha kompyuta! Imebaki chumvi tu, tuipeleke sokoni!"

Walicheka. Hata fundi, akiziba mudomo. Binti yangu hakucheka, na hilo lilinichoma kuliko kicheko. Kuna wanawake ambao wangetoka nje wakati ule, wakajifanya kuna kuku wa kufukuza. Mimi nilibaki nimesimama.

"Ni mimi," nikasema. "Kitenge ni changu, magunia ni yangu, amri ni yangu. Mumemaliza kucheka? Sasa, fundi, nijibu. Huo ubao wako mupya, nikiuweka humu humu, katikati ya haya magunia, chini ya hiki kitenge, utaogopwa na chisense?"

Alifikiri. Alikuwa kijana wa kweli, ndani yake. "Hapana, mama. Utakufa pia."

"Haraka ama polepole?"

"Haraka zaidi. Huu wa sasa unapata moto kuliko ule."

Nikamuangalia shemeji. Alikuwa anatafuta mende wake.

Lakini sikumaliza hapo. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao, na katika kazi yake kulikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa rafiki. Ubao wa mutumbwi ukioza, hununui mupya mpaka uulaze juu ya ule wa zamani, matundu ya misumari yatazamane. Yasipotazamana, utatoboa mbavu, na ukitoboa mbavu utabadilisha mbavu, na mbavu zikibadilika mutumbwi wote unakwenda kando. Mutu anaingia kutengeneza ubao mumoja, anatoka na deni la mutumbwi muzima. Nilimuona akiwafukuza wauza mbao kwa sheria hiyo.

"Fungua gazeti," nikamwambia fundi. "Ulaze wako juu ya wetu."

Akaulaza. Hata mimi niliona. Matundu mawili yalitazamana, mengine yalikwenda njia zao. Binti yangu aliinama, akashika nyaya za umeme zinazotoka kwenye kile kisanduku cha nyuma. Zetu zilikuwa na vichwa viwili vyembamba. Ubao mupya ulikuwa na mudomo mumoja mupana.

"Hii itaingia wapi?" akamuuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Bon. Hapo kutaombwa kisanduku kingine cha umeme."

"Na hiki kitaingia ndani ya sanduku letu?"

"Donk, basi... sanduku pia."

"Na hizi kumbukumbu?" Alionyesha vile vibao vyembamba vilivyosimama kwenye ubao wetu. Akavipima kwa macho na mufereji wa ule mupya. Vyetu vilikuwa vifupi.

Fundi alianza kukunja gazeti lake pole pole.

Sikumuchukia, ninataka mujue hivyo. Mutu amevuka maji na kitu kimoja cha thamani ndani ya mashati yake, kaka yake hana nyavu, na mbele yake kuna mama mwenye nyavu. Mimi pia nimewahi kumusifu samaki kuliko alivyostahili. Nikamwambia, "Ubao wako ni muzuri. Nyumba yake haiko hapa. Nyavu zangu zinabaki. Lakini kazi ya mikono yako naitaka: safisha hii, na utaondoka na beseni la chisense, limejaa mpaka linamwagika."

Na alifanya kazi, siwezi kusema vingine. Alitumia unyoya wa kuku, pamba, na pombe kali aliyoitoa kwa kaka yake. Kipanka alikichomoa, akakiosha, akakitia tone la mafuta ya cherehani. Kilipozunguka, kilitoa mulio mudogo ambao binti yangu alikuwa hajausikia kwa miezi. Akawasha. Binti akapiga ukurasa, wa pili, wa tano. Kimushale kilitembea.

Lakini ilikuwa bado ya polepole. Musifikiri niliroga. Ukurasa murefu ulipogeuka, ilikuwa inafikiri kama mutu anayetafuta jina la mugeni. Binti yangu alipiga meza kwa kiganja.

"Unaona? Haigandi, lakini ni kobe. Itakuwa hivi mpaka lini, mama?"

"Mpaka Ijumaa," nikasema. "Baada ya Ijumaa tutagombana vizuri."

Jioni, bila kuniuliza, binti yangu akaanza njia yake mwenyewe: kila ukurasa alioumaliza aliufunga peke yake na kuuhifadhi, hakurundika mutihani wote mahali pamoja, na mashini ikapata pumzi. Hiyo ilikuwa akili yake, siichukui.

Magunia tuliyatoa siku ile ile. Niliwaamuru wayapange nje juu ya kichanja cha kuanikia samaki, wakafunika na plastiki nyeusi na kufunga kamba. Shemeji alisema mvua ya mwezi huu haina adabu. Nilimwambia hata yeye hana, na bado tunamukaribisha.

Mwalimu alikuja Ijumaa kama alivyosema, akakuta stensili zote zimelala katika bahasha zake, darasa kwa darasa. Ninasema mapema ili mutu asinikate neno. Kazi ya muhula uliofuata tulipewa. Na binti yangu, miaka michache baadaye, alinunua mashini ingine nzima kwa mikono yake, yenye ubao wake, sanduku lake na kumbukumbu zake zinazopatana, kwa sababu programu mupya zilikuja kama alivyosema na ile ya zamani ilizikataa. Alinionyesha akiwa ameinua kidevu. Nilimwambia, "Ulisema kweli." Akasema, "Najua." Hakuishonea kitenge. Lakini ile miezi mitatu ya ziwa lililofungwa tuliila kwa ubao wa zamani, na nyavu zangu ziliufikia mwezi wa tatu zikiwa na kamba ya dukani bado, ndipo zikashuka majini.

Ninarudi Alhamisi, kabla ya ile Ijumaa. Ilikuwa muchana, jua lilikuwa limeanza kuinama. Binti yangu alikuwa amebakiza darasa moja tu. Utepe wa wino ulikuwa umetolewa, sindano zilikuwa zinatoboa nta, kiii, kiii, na hapo ukisimamisha katikati, ile stensili umeitupa. Na alikuwa amebakiwa na karatasi za nta za kumutosha, si zaidi.

Mvua ilitoka upande wa Kilwa. Tuliiona inatembea juu ya maji, nyeupe. Upepo wake ulifika kabla yake, ukashika plastiki nyeusi kwa pembe moja, ukaikata kamba. Watoto wakapiga kelele. Shemeji, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alifika penye kazi kabla ya chakula, akakumbatia gunia la kwanza, akakimbia nalo kwenye mulango wa chumba cha mbele. Watoto wakubwa nyuma yake na la pili.

Nilifika mulangoni kabla yao. Nikaweka mikono yangu yote miwili kwenye fremu.

"Toka, mulamu! Samaki wanalowa!"

"Humu hawaingii."

"Awe, hapana! Chakula chako hiki! Weka tu kando, saa moja, mvua ikipita tunatoa!"

"Hata pumzi moja."

Nyuma yangu sindano zilikuwa zinalia. Binti yangu hakugeuka. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga bati, makubwa, moja moja. Shemeji alisimama mbele yangu na gunia tumboni kama mwanamuke wa mimba, maji yanamushuka usoni.

"Basi yaende wapi?" alilia. "Kule kwa watoto kunavuja. Kanisani?"

"Chumbani mwangu."

"Chumbani mwako muna kitanda! Hata panya anaingia kwa ubavu! Na wewe utalala wapi, mulamu?"

Niliwaangalia wote, mumoja mumoja, mpaka na yule mudogo aliyekuwa amebeba kifuniko cha beseni kichwani, nikasema:

"Toeni kitanda changu mukiegemeze nje ukutani, chini ya bati. Magunia yote yaingie chumbani mwangu, moja juu ya lingine mpaka juu, na yasitoke humo ila kwa kuuzwa, mpaka ziwa lifunguliwe. Na mulango huu asiuguse mutu."